Voliboli ya kukaa: safari ya mabingwa kutoka Kigali

Timu ya taifa ya wanawake ya Rwanda ya voliboli ya kukaa imecheza Michezo ya Paralimpiki mara 3 mfululizo: Rio de Janeiro 2016, Tokyo 2020 na Paris 2024. Wanawake walianza kushindania medali za mchezo huo Athens mwaka 2004, na katika michezo 3 ya mwanzo hapakuwa na timu hata moja kutoka Afrika. Rwanda ndiyo iliyofungua mlango, na hadi Paris hakuna nchi nyingine ya bara hili iliyoupita kwa upande wa wanawake. Kwa nchi ndogo isiyo na bahari, ambayo haijawahi kupata medali ya Olimpiki, hilo ni jambo kubwa kuliko nafasi lililopewa kwenye kurasa za michezo za Afrika Mashariki.

Voliboli ya kukaa huchezwa kwa sheria zinazofanana sana na zile za voliboli ya kawaida. Kila upande una wachezaji 6, mpira ni uleule, timu inaruhusiwa kuugusa mara 3 kabla ya kuurudisha, seti inaishia pointi 25, na anayeshinda seti 3 ameshinda mechi. Ikifika seti ya 5, inaishia pointi 15. Tofauti zinaanzia kwenye vipimo. Uwanja wa kawaida una urefu wa mita 18 na upana wa mita 9, lakini huu wa kukaa ni mita 10 kwa 6. Wavu, ambao kwa wanaume wanaocheza wima huwa mita 2.43, hapa unashuka hadi mita 1.15 kwa wanaume na mita 1.05 kwa wanawake.

Sheria inayoutofautisha mchezo huu na mwingine wowote ni ile ya makalio. Mchezaji anapougusa mpira, sehemu ya kiwiliwili chake, kuanzia makalio hadi mabega, lazima iwe inagusa sakafu. Akijiinua ili apige kwa nguvu zaidi, pointi inakwenda kwa wapinzani. Msamaha mdogo upo kwa anayejirusha kuokoa mpira nyuma ya uwanja, na hata huo ni wa kufumba na kufumbua. Sheria hii moja inaubadilisha mwili wote. Mikono inageuka kuwa miguu: mchezaji anajisukuma kwa viganja, kushoto, kulia, mbele, nyuma, halafu viganja vilevile vinatakiwa viwe hewani kabla mpira haujafika. Anayechelewa kuinua mikono kwa nusu sekunde hana cha kufanya. Ndiyo maana mazoezi ya timu yoyote nzuri huanza kwa kusogea bila mpira, tena kwa muda mrefu, hadi viganja vizoee sakafu na mabega yazoee kuubeba mwili.

Jambo jingine linalowashangaza wanaoutazama kwa mara ya kwanza ni kwamba mpira wa kuanzishia unaruhusiwa kuzuiwa wavuni. Katika voliboli ya wima hilo ni kosa. Hapa wavu ni mfupi na uwanja ni mdogo, kwa hiyo anayeanzisha anakutana na ukuta wa mikono hatua chache tu mbele yake. Mpira hauna nafasi ya kupaa na kushuka taratibu. Unakwenda na kurudi kwa kasi inayowafanya watazamaji wasahau kwamba wachezaji wamekaa chini. Miguu inaruhusiwa kupita chini ya wavu hadi upande wa pili, mradi isimwingilie mpinzani, na si ajabu kuona miguu ya timu mbili ikipishana chini ya wavu huku mikono ikipambana juu yake.

Wachezaji hupangwa katika madaraja mawili, VS1 na VS2. Wa VS1 ni wenye ulemavu mkubwa zaidi, kwa mfano waliokatwa mguu. Wa VS2 ni wale ambao ulemavu wao ni mdogo lakini unawazuia kushindana sawa na wengine wakiwa wamesimama. Katika kikosi cha wachezaji 12 wanaruhusiwa wawili tu wa VS2, na uwanjani hawezi kuwapo zaidi ya mmoja kwa wakati. Sheria hiyo inalinda nafasi ya wale ambao mchezo ulibuniwa kwa ajili yao. Wengi wao hutembea kwa miguu ya bandia au magongo katika maisha ya kila siku. Mechi inapokaribia kuanza huvua miguu hiyo, wakaiweka kando ya uwanja, kisha wakaingia kwa viganja.

Mchezo ulizaliwa Uholanzi mwaka 1956, pale mchezo wa Kijerumani wa kurushiana mpira wakiwa wamekaa ulipochanganywa na voliboli. Wanaume waliingia kwenye orodha ya medali za Paralimpiki mwaka 1980, michezo ilipofanyika Arnhem, hukohuko Uholanzi. Lakini ukitazama nani wameutawala tangu hapo, ramani ya vita vya karne ya 20 inajitokeza yenyewe. Iran, iliyopigana na Iraq kwa miaka 8, ndiyo yenye dhahabu nyingi zaidi za wanaume. Bosnia na Herzegovina, iliyotoka vitani mwaka 1995, ilitwaa dhahabu Athens 2004 na tena London 2012. Vita huacha nyuma vijana wengi waliopoteza miguu, wenye nguvu ya mwili na wenye kiu ya kushindana. Na voliboli ya kukaa ni mchezo unaohitaji chumba chenye sakafu laini, wavu na mpira, na vitu hivyo hupatikana hata katika nchi iliyobomoka.

Rwanda iko kwenye ramani hiyo. Vita vilivyoanza mwaka 1990 na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 viliua watu wengi mno na kuwaacha wengine wengi na ulemavu wa kudumu: waliokatwa kwa mapanga, waliopigwa risasi, waliokanyaga mabomu ya ardhini. Hao walijiunga na wale ambao polio, ajali au maumbile ya kuzaliwa yalikuwa yamewafikia kabla. Huduma kwa watu wenye ulemavu nchini haikuanza hapo. Kituo cha Gatagara, katika wilaya ya leo ya Nyanza, kilianzishwa na padri Joseph Fraipont Ndagijimana mwaka 1960, na vizazi vya watoto wenye ulemavu vilipata pale matibabu, miguu ya bandia na shule. Lakini michezo ya ushindani ilikuwa jambo jingine. Kamati ya Taifa ya Paralimpiki iliundwa mwaka 2001, na sheria ya kulinda haki za watu wenye ulemavu ikatoka mwaka 2007.

Wa kwanza kulibeba jina la Rwanda hawakuwa wachezaji wa voliboli. Sydney mwaka 2000 nchi ilimpeleka mwanamichezo mmoja tu, muogeleaji Cesar Rwagasana. Miaka 4 baadaye huko Athens, mkimbiaji Jean de Dieu Nkundabera alimaliza wa 3 katika mita 800, daraja la T46 la wenye ulemavu wa mkono, na akarudi nyumbani na shaba. Hadi Michezo ya Paris 2024 inafungwa, medali hiyo ndiyo pekee ambayo Rwanda imewahi kuipata ukijumlisha Olimpiki na Paralimpiki zote. Mwaka 2013, kwenye mashindano ya dunia ya riadha ya watu wenye ulemavu yaliyofanyika Lyon, Ufaransa, Hermas Muvunyi alishinda dhahabu katika umbali uleule na daraja lilelile, akawa bingwa wa dunia. Watu wawili hawa wanastahili kutajwa kwanza, kwa sababu walionyesha kwamba mtu kutoka Rwanda anaweza kusimama jukwaani. Lakini mkimbiaji hukimbia peke yake. Kuunda timu nzima ni kazi ya namna nyingine, na hapo ndipo jina la Dominique Bizimana linapoingia.

Bizimana alijiunga na jeshi la waasi wa RPF akiwa bado kijana mdogo, akapigana, akapoteza mguu. Baada ya vita aligeukia michezo, akawa miongoni mwa waanzilishi wa kamati ya Paralimpiki na baadaye rais wake. Katika timu ya wanaume ya voliboli ya kukaa alicheza bega kwa bega na Jean Rukondo, ambaye pia alipoteza mguu vitani. Tofauti ni kwamba Rukondo alikuwa askari wa jeshi la serikali ya wakati ule, jeshi ambalo RPF ilikuwa ikipigana nalo. Kila mmoja alikuwa adui wa mwenzake kabla ya kukutana kwenye sakafu ya uwanja. Vyombo vya habari vya Ulaya viliipenda sana habari hiyo mwaka 2012, na mara nyingine viliipamba hadi ikafanana na hadithi ya watoto. Lililo kweli ndani yake lina uzito wa kutosha bila mapambo. Katika mchezo ambao mpokeaji, mpangaji na mpigaji wanategemeana kwa kila mpira, watu wawili waliowahi kupigana katika majeshi ya maadui walilazimika kuitana majina mamia ya mara kwa siku, na walifanya hivyo kwa miaka.

Timu hiyo ya wanaume ilifuzu Michezo ya London 2012, ikawa ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kucheza voliboli ya kukaa katika Paralimpiki. Kocha wake alikuwa Peter Karreman, Mholanzi, na hapo ujuzi wa nchi iliyouzaa mchezo ukakutana na kikosi cha Kigali. Droo haikuwa na huruma. Rwanda iliwekwa kundi moja na Iran, Bosnia na Herzegovina, Brazil na China, na mwishowe Bosnia na Iran ndizo zilizokutana fainali. Kikosi cha Rwanda kilimaliza cha 9 kati ya timu 10. Anayeangalia namba tu ataona kushindwa. Lakini mechi zile kwenye ukumbi wa ExCeL zilikuwa mara ya kwanza kwa wachezaji wengi wa Rwanda kukutana na timu zilizocheza pamoja kwa miongo, na walichokiona pale kilirudi Kigali nao.

Baada ya London njia ya wanaume ilizibwa, na sababu yake ni ya kihesabu kuliko ya kiuchezaji. Idadi ya timu za wanaume ilipunguzwa kutoka 10 hadi 8. London Afrika ilikuwa na timu 3: Misri, Morocco na Rwanda. Rio ilibaki moja, na moja hiyo ni Misri, ambayo ilipata shaba mwaka 2004, ikaipata tena 2016, na tena 2024. Kuwa wa pili Afrika nyuma ya timu ya 3 duniani si aibu, lakini hakumpeleki mtu kwenye Paralimpiki. Wanaume wa Rwanda wangekuwa wa bara jingine, pengine historia yao ingeandikwa tofauti.

Kwa wanawake mambo yalikwenda kinyume. Misri haikuwa imejenga nguvu ileile upande huo, na nchi nyingi za Afrika hazikuwa na timu ya wanawake kabisa. Rwanda iliiona nafasi hiyo mapema na kuwekeza humo. Uamuzi huo, kwa mtazamo wa yeyote anayefuatilia michezo ya ukanda huu, ni miongoni mwa maamuzi ya busara zaidi yaliyowahi kufanywa na chombo cha michezo Afrika Mashariki. Mwaka 2015 Kigali ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya Afrika yaliyotoa tiketi ya Rio, na wanawake wa Rwanda wakaitwaa nyumbani.

Nyumbani maana yake ni Remera, mtaa wa Kigali. Uwanja wa Amahoro na ukumbi mdogo ulio pembeni yake, unaojulikana na kila mtu kama Petit Stade, ndio moyo wa michezo ya ndani ya jiji. Mwaka 1994 maelfu ya watu walikimbilia Amahoro kutafuta hifadhi chini ya askari wa Umoja wa Mataifa. Uwanja mkubwa umejengwa upya na kufunguliwa Julai 2024 ukiwa na viti 45,000, na hatua chache kutoka hapo upo ukumbi wa BK Arena uliofunguliwa mwaka 2019. Ni vigumu kukuta mahali pengine katika ukanda huu ambapo voliboli, mpira wa kikapu na mpira wa miguu vina majengo ya kiwango hicho katika eneo moja, tena linalofikika kwa basi la kawaida. Kwa mtu anayetembea kwa magongo, umbali kutoka kituo cha basi hadi mlangoni ndio huamua kama atakuja mazoezini wiki ijayo.

Rio 2016 ilikuwa shule yenye ada kubwa. Kundi la Rwanda lilikuwa na Marekani, China na Iran, na mwishowe Marekani ilitwaa dhahabu na China fedha. Rwanda ilimaliza ya 8 kati ya timu 8 bila kushinda mechi. Wachezaji waliokuwa wamezoea kumaliza kazi yao kwa pointi chache dhidi ya wapinzani wa Afrika walikutana na wapigaji wanaobadilisha mwelekeo wa mpira sekunde ya mwisho, na wapangaji wanaoficha pasi hadi ukuta wa upande wa pili umeshahama. Hakuna mazoezi ya nyumbani yanayoweza kumwandaa mtu kwa hilo. Hupatikana kwa kuchezwa tu.

Septemba 2019 mashindano ya Afrika yalirudi Kigali, na wanawake wa Rwanda wakafuzu tena. Janga la korona liliahirisha Michezo ya Tokyo kwa mwaka mmoja, hivyo timu iliyofuzu ikiwa na makali ilibidi iyatunze kwa miezi mingi huku kumbi zimefungwa na mechi za kujipima nguvu zimefutwa. Kocha sasa alikuwa Mosaad Elaiuty kutoka Misri, nchi yenye historia ndefu kuliko zote za mchezo huu barani. Nahodha alikuwa Liliane Mukobwankawe, jina ambalo kwa miaka hii yote limekuwa karibu sawa na jina la timu yenyewe.

Droo ya Tokyo ilikuwa na ukatili uleule: Marekani, China na timu ya Warusi. Kwa mara nyingine waliochukua dhahabu na fedha walitoka kundi la Rwanda, Marekani wa kwanza na China wa pili. Mechi 3 za kundi zilipotea. Ikabaki ya kugombea nafasi ya 7, dhidi ya wenyeji Japani, mwanzoni mwa Septemba 2021. Rwanda ilishinda kwa seti 3 kwa 0. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa timu ya wanawake ya Rwanda katika Paralimpiki, na kwa kuwa hakuna timu nyingine ya wanawake ya Afrika iliyowahi kucheza voliboli ya kukaa huko, ulikuwa pia wa kwanza kwa bara zima. Picha za wachezaji wakikumbatiana sakafuni zilizunguka Kigali siku hiyo. Nafasi ya 7 duniani si medali. Lakini timu iliyotoka Rio bila ushindi ilikuwa sasa imemshinda mwenyeji wa michezo bila kupoteza seti, na anayejua ugumu wa kupanda hata ngazi moja katika mchezo wa timu ataelewa kwa nini machozi yale hayakuwa ya kupita kiasi.

Mwaka uliofuata dunia ilikutana Sarajevo kwa mashindano ya ubingwa wa dunia, na Rwanda ilikuwapo. Brazil ndiyo iliyoibuka bingwa wa wanawake. Tiketi ya Paris ilipatikana Lagos, Nigeria, mapema mwaka 2024, safari hii ugenini. Jambo hilo lina maana yake, kwa sababu wapo waliosema kwamba Rwanda hushinda Afrika kwa kuwa mashindano hufanyika Kigali, mbele ya mashabiki wake. Lagos ilijibu.

Paris Rwanda iliwekwa kundi moja na bingwa wa dunia Brazil, Canada iliyoondoka na shaba, na Slovenia. Hadithi ya makundi ikajirudia, na hadithi ya nafasi ya 7 nayo ikajirudia: mpinzani alikuwa Ufaransa, mwenyeji tena, na Rwanda ilishinda tena. Kwa hiyo katika michezo 3 ya Paralimpiki timu imecheza mechi 12 na kushinda 2, zote dhidi ya wenyeji waliopata nafasi bila kupita kwenye mchujo. Hesabu hiyo inaeleza kwa uaminifu mahali Rwanda ilipo: juu ya wanaoanza, chini ya waliobobea, na bado hakuna daraja kati ya hizo mbili.

Chini ya timu ya taifa kuna ligi ya ndani, na hapo ndipo nguvu ya Rwanda ilipo. Vilabu hujengwa kwa wilaya: Gasabo, Bugesera, Gisagara, Musanze na nyinginezo, za wanaume na za wanawake. Mpangilio wa wilaya unafaa nchi ambayo serikali za mitaa ndizo zinazofika kijijini. Msichana aliyezaliwa na mguu mmoja mfupi mlimani Gisagara hahitaji kwenda Kigali ili agundue kwamba mchezo huu upo. Anaukuta wilayani, na akicheza vizuri Kigali humwita yeye. Wachezaji wengi wa kikosi cha sasa walikuwa watoto wadogo mwaka 1994, au hawakuwa wamezaliwa. Mchezo ulioanzishwa na majeruhi wa vita sasa unachezwa na kizazi ambacho ulemavu wake umetokana na magonjwa, ajali za barabarani na maumbile, na mpito huo umefanyika bila timu kupoteza kasi. 

Kwa nini voliboli ya kukaa, na si tenisi ya viti vya magurudumu, mchezo ambao duniani una majina makubwa zaidi na zawadi nono zaidi? Kigali haikosi viwanja vya tenisi. Tangu mwaka 2024 jiji linapokea mashindano ya kulipwa ya ngazi ya Challenger kwenye viwanja vya Kicukiro. Jibu liko kwenye kiti. Kiti cha tenisi si kile cha hospitali. Magurudumu yake makubwa yameinamishwa ili yawe mapana chini na kiti kigeuke upesi bila kupinduka, kina gurudumu dogo la nyuma la kukizuia kisiangukie nyuma, na hutengenezwa kwa vipimo vya mwili wa mchezaji mmoja. Bei yake ni maelfu ya dola. Kwenye mchezo wenyewe kuna nafuu moja, kwamba mpira unaruhusiwa kudunda mara mbili kabla ya kurudishwa, lakini hakuna nafuu yoyote dukani. Kwa fedha za kiti kimoja kizuri, klabu nzima ya voliboli ya kukaa inapata mipira na wavu wa miaka kadhaa.

Afrika imewahi kutoa bingwa wa tenisi hiyo, na maisha yake yanathibitisha ugumu huo. Kgothatso Montjane, aliyezaliwa mwaka 1986 Limpopo, Afrika Kusini, aliushika mchezo akiwa na umri wa miaka 19, umri ambao mabingwa wengi wa Ulaya tayari wana miaka 10 kwenye kiti. Mwaka 2018 akawa mwanamke mweusi wa kwanza wa Afrika Kusini kucheza Wimbledon. Mwaka 2021 alifika hapo fainali ya mmoja mmoja na ya wawili wawili. Taji kubwa la kwanza alilipata Roland Garros mwaka 2023 akiwa na Yui Kamiji wa Japani, na mwaka 2024 wawili hao wakashinda Wimbledon. Alikuwa na umri wa miaka 37 taji la kwanza lilipofika. Kipaji chake hakikuanza akiwa na miaka 37. Kilichochelewa ni vifaa, makocha na nauli. Kenya nayo ina wachezaji wa tenisi ya viti, na mmoja wao, Asiya Mohammed wa Mombasa, alipata njia ya Paralimpiki kupitia mchezo mwingine kabisa, kupiga makasia, akaiwakilisha nchi yake Tokyo na Paris.

Rwanda ilichagua mlango uliokuwa wazi, na imeutumia vizuri. Swali lililobaki ni la ngazi ya juu yake. Timu zinazomaliza katika 4 bora hukutana na wapinzani wa kiwango chao mara nyingi zaidi. Rwanda hukutana nazo kwenye mashindano makubwa kama Paralimpiki na ubingwa wa dunia, kisha hurudi kucheza dhidi ya wapinzani wa Afrika ambao wengi wao bado wanajifunza. Timu haiwezi kujifunza kusoma pasi ya Mmarekani au Mchina kwa kuitazama kwenye video. Inahitaji ipigwe nayo, ikosee, irudi wiki ijayo na kupunguza makosa. Kwa sasa nafasi hiyo hupatikana kwa nadra.

Sehemu ya tiba iko karibu kuliko Ulaya. Kenya, Uganda, Tanzania na Burundi zina watu wengi wenye ulemavu wanaoweza kucheza, na zina kumbi. Mashindano ya kila mwaka ya Afrika Mashariki, kwa wanaume na wanawake, yangewapa wachezaji wa Kigali mechi ngumu zaidi kati ya safari moja na nyingine, na yangeziinua nchi jirani ambazo leo zinashiriki kwa nadra au hazishiriki kabisa. Gharama yake ni nauli ya basi, malazi na waamuzi, na wenye uwezo wa kuilipa ni wizara za michezo na kamati za Paralimpiki za nchi hizo. Michezo ijayo ya Paralimpiki ya kiangazi itafanyika Los Angeles kuanzia tarehe 15 hadi 27 Agosti 2028. Wizara hizo na kamati hizo zinaweza kuanza kwa kuandaa mashindano ya kwanza kabla ya mchujo wa Afrika wa michezo hiyo.